Senti ya 1969 yenye tarehe mbili mbili: ni ile yenyewe, au mashine ilitikisika?

"Mtaalamu, salaam. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na katika kikopo chake cha sarafu za nchi mbalimbali nimekuta senti moja ya Marekani ya mwaka 1969 yenye herufi ndogo S chini ya tarehe. Nikiitazama kwa kioo cha kukuzia, tarehe inaonekana mara mbili, hasa 6 na 9, na hata ile S ina kivuli chake. Nimeona video inayosema sarafu ya namna hii huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Binamu yangu anataka tuisafishe kwa siki na chumvi ili picha itokeze vizuri, kisha tuipeleke nje ikathibitishwe. Mtu mmoja mtandaoni naye anasema nimtumie kwanza ada ya uthibitisho, halafu atainunua. Je, ninayo ile yenyewe? Na nitajuaje tofauti, maana kikopo bado kimejaa?"

Kabla ya yote, siki na chumvi zirudi jikoni, na huyo wa mtandaoni usimtumie hata senti. Sababu nitazitoa mbele, ila nisingependa ufike huko ukiwa umekwisha kuichovya sarafu.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Ndani yake kuna neno ambalo umelipita haraka, nami limenisimamisha: umesema hata ile S ina kivuli. Wengi wangeiona hiyo kuwa dalili njema zaidi, wakafikiri kwamba tarehe ikijirudia na S ikajirudia, basi mambo yamekamilika. Kwa senti ya 1969 ni kinyume chake. Kivuli cha S ndicho kinachonifanya niamini, hata kabla sijaiona, kwamba hiyo siyo ile ya makumi ya maelfu ya dola. Najua si jibu ulilolingojea. Nivumilie nikueleze, maana ukilielewa hili utaweza kukichambua kikopo chote mwenyewe.

Neno "kujirudia" linawachanganya watu kwa sababu linafunika mambo kadhaa ambayo hayana undugu. Kuna kujirudia kunakotokea wakati chombo cha kupigia sarafu kinapotengenezwa, kabla sarafu yoyote haijapigwa. Kuna kunakotokea wakati sarafu inapopigwa, kwa kufumba na kufumbua. Na kuna kunakoletwa na uchakavu wa chombo chenyewe. Kwa macho vyote vyaweza kufanana, lakini wakusanyaji hutafuta sana ile aina ya kwanza, na nyingine nyingi hawaziongezei thamani yoyote. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni lini hasa picha hiyo ilijirudia.

Tuanze na namna sarafu inavyozaliwa. Kipande tupu cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, nayo hukibana kwa nguvu kubwa mno. Picha iliyo kwenye muhuri imezama ndani na imegeuka kama kwenye kioo, ndiyo maana kwenye sarafu huinuka na kusomeka. Sasa huo muhuri nao uliipata wapi picha? Hauchongwi mmoja mmoja kwa mkono. Kuna muhuri mama, ambao picha yake imeinuka kama ilivyo kwenye sarafu yenyewe, na huo ndio unaokandamizwa juu ya chuma kitupu ili kuzaa mihuri ya kazi.

Kosa linalotafutwa huzaliwa hapo. Chuma kikikandamizwa hukakamaa, na zamani pigo moja halikutosha kuiingiza picha yote. Muhuri mchanga ulitolewa, ukapashwa moto ulainike, ukapoa, kisha ukarudishwa chini ya muhuri mama upigwe tena. Kama safari ya pili haukukaa palepale ulipokaa mwanzo, hata kwa kuzunguka kiasi cha unywele, picha ya pili haikuangukia juu ya ile ya kwanza. Muhuri ukabaki na picha mbili. Na kuanzia hapo kila sarafu iliyopigwa nao, ya kwanza hadi ya mwisho, ilitoka na picha mbili zilezile, mahali palepale. Wenyewe katika fani huiita dabo dai, nami nitalitumia jina hilo.

Senti ya Marekani ya mwaka 1955 ndiyo mfano maarufu kuliko yote. Muhuri mmoja wenye picha mbili ulifika kwenye mashine katika kiwanda cha Philadelphia na kufanya kazi zamu ya usiku bila mtu kugundua. Kosa lilipoonekana, senti zipatazo 24,000 hivi zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na mamilioni ya nzuri, na badala ya kuharibu rundo zima viongozi wa kiwanda wakaona afadhali waziachie. Nyingi zilifika mikononi mwa watu kupitia pakiti za sigara: mashine za kuuzia zilipokea senti 25, pakiti ilikuwa senti 23, na chenji ya senti mbili ilifungwa pamoja na pakiti. Ukiitazama senti hiyo huhitaji kioo cha kukuzia. Tarehe na maneno yote ya upande wa Lincoln, yaani upande wenye kichwa cha rais huyo wa Marekani, yamesimama mawili mawili, wazi kabisa.

Sasa turudi kwenye S yako. Hiyo ni alama ya kiwanda. S ni San Francisco, D ni Denver, na senti za Philadelphia za wakati huo hazikuwa na herufi. Mpaka mwaka 1989, kwenye senti za kawaida za Marekani, alama hiyo haikuwamo katika muhuri mama. Muhuri wa kazi ulipewa picha yake kwanza, ukamalizika, ndipo fundi akachukua kijichuma chenye herufi na kuigongomelea S kwa mkono. Kwa maneno mengine, tarehe ilipojirudia, S ilikuwa bado haijazaliwa. Ndiyo maana dabo dai halisi ya 1969 ya San Francisco ina tarehe mbili, na maneno ya upande huohuo nayo yamejirudia, LIBERTY mbili na IN GOD WE TRUST mbili, lakini S yake ni moja, safi, haina kivuli. Kama S yako imesogea pamoja na tarehe, tena kuelekea upande uleule, basi kilichozisogeza kilitokea baada ya vyote viwili kuwapo, na hilo huwezekana tu wakati sarafu ilipokuwa inapigwa.

Niwe mkweli kwenye jambo moja. Kwa kuwa S iligongomelewa kwa mkono, ilitokea pia fundi akaipiga mara mbili na mkono ukateleza kidogo, na alama iliyopigwa tena namna hiyo ni aina nyingine inayokusanywa kwa haki yake. Hiyo haina uhusiano wowote na tarehe: S hujirudia peke yake, na tarehe hutulia. Zote mbili kutokea kwenye muhuri mmoja si muhali, lakini hapo zingesogea kila moja kwa njia yake. Zikielekea sehemu moja, kwa kipimo kimoja, jibu ni mashine.

Mashine hufanyaje? Mihuri ikishabana na picha kuingia, hutakiwa iachane na sarafu moja kwa moja. Muhuri ukiwa umelegea katika kishikio chake, hutikisika au kuteleza kidogo ukiwa bado umegusana na sarafu. Picha iliyokwisha kuinuka hukwanguliwa ubavuni na kusukumwa chini. Kinachobaki ni kama ngazi fupi pembeni mwa herufi, bapa, chini karibu na uso wa sarafu. Senti za San Francisco za miaka ya 1968 na 1969 zenye mtikisiko wa namna hii zipo tele. Hiyo ndiyo sababu video hizo zinawasumbua watu wengi: tarehe ni ileile, herufi ni ileile, na kujirudia wanakuona kweli kwa macho yao.

Hapa mezani nina senti mbili zimelala kwenye kitambaa, dabo dai ya 1972 na moja ya 1969 kama yako. Naziweka chini ya lenzi inayokuza mara 10, taa ikiwa ubavuni. Kwenye ile ya 1972, T ya TRUST ni nene kuliko inavyopaswa. Ncha za mabawa yake zimepasuka na kuwa mbili, na katikati ya kila mpasuko kuna kibonde kidogo. Mistari yote miwili imeviringika juu kama mgongo wa kamba, kila mmoja una mwili wake. Nahamia ile ya 1969. Tarakimu 9 imekonda. Ubavuni mwake kuna ukanda bapa usio na mviringo wowote, unaong'aa kuliko sehemu nyingine. Nikiinamisha sarafu, ukanda ule unamweka kama kipande cha bati juani, halafu unazima.

Ndipo kilipo kipimo ninachokitegemea kuliko vyote: je, herufi imeongezewa au imepunguziwa? Katika dabo dai, picha ya pili imeongezwa juu ya ya kwanza, hivyo herufi hunenepa au huenea. Katika mtikisiko, ule unaoonekana kama picha ya pili umekatwa kwenye mwili wa herufi yenyewe, hivyo herufi hukonda. Tafuta senti nyingine ya kawaida yenye muundo uleule, uzilinganishe unene wa tarakimu zikiwa bega kwa bega. Usikubali kuhukumu moja ikiwa peke yake. Jicho likitamani sana kitu hukiona.

Katika kikopo utakutana na aina nyingine pia, na ya uchakavu ndiyo inayodanganya zaidi. Muhuri unapopiga sarafu nyingi mno, madini yanayotiririka chini ya shinikizo huulainisha kingo za picha zake. Herufi za sarafu huanza kuvimba, zikawa na ukungu pembeni, mara nyingi kuelekea ukingoni mwa sarafu, na uso unakuwa na vijinundu kama ganda la chungwa. Hakuna mpasuko kwenye ncha wala mstari wa pili ulio wazi. Ni unene usio na umbo. Hata mwaka 1955 wenyewe unazo senti za namna hii, tarakimu 5 ya mwisho ikiwa na kivuli cha uchakavu, na wauzaji wamezoea kuziita "dabo dai ya maskini". Jina hilo limewaumiza watu wengi. Si dabo dai, ya maskini wala ya tajiri.

Kwa senti za Marekani kuanzia mwishoni mwa 1982, ongeza jambo jingine. Tangu hapo senti imekuwa ya zinki iliyopakwa utando mwembamba wa shaba. Shaba ni asilimia 2.5 tu ya uzito wake. Utando huo hunyooshwa sana sarafu inapopigwa, na wakati mwingine huchanika kandokando ya herufi. Mpasuko unaacha mstari wa kijivu au wa bluu iliyofifia unaofuata umbo la herufi, na ukiutazama haraka unaweza kuapa kwamba ni herufi ya pili. Angalia rangi. Ukiona zinki inachungulia, huo ni utando uliochanika.

Sarafu iliyopigwa mara mbili kabisa sitaisemea sana, kwa sababu hiyo huwezi kuikosea: sarafu haikutoka mahali pake, ikapokea pigo la pili, na picha nzima, siyo herufi tu, imejitokeza tena mahali pengine huku ile ya kwanza imebondwa chini yake. Ina wapenzi wake na ina thamani, ila ni ajali ya sarafu moja peke yake. Dabo dai, kinyume chake, ina ndugu zake waliotoka kwenye muhuri uleule, na ndiyo maana wataalamu wameweza kuzipiga picha na kuziorodhesha muhuri kwa muhuri. Hilo linakufaa sana. Kama sarafu yako ni dabo dai inayojulikana, lazima ifanane na picha zilizochapishwa katika kila kitu: upande wa msogeo, umbali wake, hata mikwaruzo midogo iliyokuwa kwenye muhuri. Senti halisi ya 1955, kwa mfano, upande wa nyuma ina mikwaruzo miwili myembamba sambamba karibu na mguu wa herufi T ya neno CENT, upande wa kushoto. Waliokuwa wakizighushi mara nyingi walihangaika na tarehe wakasahau kugeuza sarafu.

Ukiendelea kutazama, usitumie hadubini ya kompyuta kama chombo cha kwanza. Kifaa kinachokuza mara 200 kitakuonyesha milima na mabonde kwenye kila sarafu duniani. Lenzi ya mara 10 inatosha; dabo dai zenye thamani kubwa huonekana nayo bila shida, na nyingine kwa macho matupu. Tumia taa moja tu, kwa sababu taa mbili huzaa vivuli viwili. Izungushe sarafu chini ya mwanga, ukiishika kwa ukingo wake. Picha ya simu iliyopigwa mkono ukitetemeka nayo huzaa maandishi mawili. Nimeletewa picha nyingi za hivyo, na sarafu yenyewe ilipokuja mkononi ilikuwa haina lolote.

Tufike kwenye uamuzi. Binamu yako ana nia njema, lakini asidi ya siki ikisaidiwa na chumvi haiondoi uchafu tu, inakula uso wa shaba pia. Mng'ao wa asili wa sarafu unatokana na mistari midogo sana iliyoachwa na madini yalipotiririka wakati wa kupigwa. Ukishaufuta haurudi, na mtaalamu huona mara moja sarafu ilipooshwa. Laiti hiyo ingekuwa ile adimu, bakuli moja la siki lingeweza kula sehemu kubwa ya bei yake. Kuhusu mtu anayetaka ada kwanza: mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa. Kampuni zinazojulikana kwa uthibitisho wa sarafu, kama PCGS, NGC na ANACS za Marekani, hupokea sarafu na ada yao kwa utaratibu ulio wazi, na wala si wanunuzi wa sarafu unayowapelekea.

Je, uipeleke huko? Kwa maelezo uliyonipa, la. Utalipa ada, utalipa usafirishaji na bima ya kwenda na kurudi, kisha utarudishiwa sarafu ya mtikisiko, ambayo haiongezewi thamani. Senti za San Francisco za mwaka huo zilipigwa zaidi ya milioni 500. Ila sijaiona kwa macho yangu, kwa hiyo nakutajia kitakachonibadilisha mawazo: ukikuta S ni moja na safi, na LIBERTY na IN GOD WE TRUST zimejirudia kwa nguvu, herufi zimenenepa, ncha zimepasuka. Hapo acha kila kitu, iweke sarafu kwenye kifuko kisicho na PVC (aina ya plastiki inayoharibu sarafu), usiitaje mtandaoni, na utafute mkusanyaji mzoefu au chama cha wakusanyaji wa sarafu aitazame mbele yako. Hata zile za kweli za 1969 hazikuaminiwa mwanzoni. Za kughushi zilikuwa zimekwisha kuzagaa, na baadhi ya halisi zilizojitokeza mapema zilikamatwa na Secret Service, idara ya serikali ya Marekani inayopambana na fedha bandia, kwa kudhaniwa ni za kughushi. Sarafu yenye historia hiyo haiuzwi kwa mtu asiyejulikana kwa kutazamana kwenye simu.

Na kikopo usikifunge. Mjomba aliyezunguka bandarini na kuweka chenji yake anaweza kuwa ameokota kitu bila kujua. Senti za Marekani zichambue kwa mwaka. Ya 1972 isiyo na herufi, tazama tarehe na maneno ya upande wa Lincoln. Ya 1983, igeuze, kwa sababu yenyewe imejirudia upande wa nyuma. Ya 1984, tazama sikio la Lincoln: kwenye ile inayotafutwa kuna ndewe ya pili chini ya ndewe yake. Ya 1995 isiyo na herufi, soma LIBERTY na IN GOD WE TRUST. Ni ya kawaida kuliko hizo nyingine, lakini inafundisha jicho vizuri kwa bei ndogo, nami ndiyo ninayowashauri wanaoanza wainunue kwanza. Ukipata sarafu ya senti 10 ya mwaka 1942, chunguza tarakimu 2 kama ina 1 iliyojificha ubavuni. Ilitokea mihuri mama ya miaka miwili ikatumika kwenye muhuri mmoja, na hiyo nayo ni dabo dai, tena kubwa.

Kwa sarafu za miaka ya karibuni, msogeo mkubwa wa mtindo wa 1955 usiutegemee tena. Viwanda vya Marekani vilihamia utaratibu wa kuuzaa muhuri kwa kandamizo moja. Siku hizi makosa hutokea muhuri unapoanza kubanwa ukiwa umeinama kidogo kabla haujakaa sawa, na mara nyingi huwa madogo, karibu na katikati ya picha. Ndiyo maana senti za 2009 zinazomwonyesha Lincoln kijana ameketi kwenye gogo akisoma kitabu hutazamwa vidole: baadhi yake zina kidole cha ziada juu ya kitabu.

Hiyo ya 1969 yenye S usiitupe. Itie kwenye kifuko chake, uandike "mtikisiko wa mashine", uiweke karibu na lenzi. Ukikuta nyingine kikoponi inayokutia wasiwasi, ilaze ubavuni pake, uangalie kwanza kama tarakimu zimenenepa au zimekonda. Zikiwa zimenenepa, niandikie tena, na picha uipige kwa taa moja.